Vumbi kwanza, vijidudu baadaye: kusafisha simu ukiishi Dodoma

Ushauri mwingi wa kusafisha simu unaozunguka mtandaoni umeandikwa na watu wasioujua upepo wetu wa Agosti. Unaambiwa ulowanishe kitambaa kwa spiriti, upanguse kioo, basi. Kwa anayeishi mji wa pwani wenye hewa ya unyevu, hiyo inatosha. Kwa mtu wa Nzuguni, Kizota au Chamwino, anayeshuka bodaboda vumbi limemjaa hadi kwenye kope, ushauri huohuo unaharibu vioo. Mimi ni fundi simu hapa mjini, na simu zinazofika mezani kwangu kwa sababu tu ya kusafishwa vibaya si chache. Inaniuma kumwona mama anatoa fedha ya matumizi ya nyumbani kununua kioo kipya, wakati kitambaa cha miwani na dakika chache za uangalifu vingemuepusha na gharama hiyo.

Kwa hiyo nianze na vumbi. Dodoma imekaa juu ya miamba ya itale, ndiyo hiyo unayoiona kwenye vilima vya mawe vinavyozunguka mji. Itale ikimomonyoka huacha chembe za madini yaitwayo kwatzi, na kwatzi ni gumu kuliko kioo cha simu. Kwenye kipimo cha Mohs, ambacho wataalamu wa madini hulinganishia ugumu, almasi ni 10 na kwatzi ni 7. Vioo vingi vya simu huanza kuchubuka kwenye 6. Ukikipangusa kioo chenye vumbi kwa upindo wa khanga au kwa shati, unakipiga msasa. Hutaona kitu siku hiyo. Utaona baada ya miezi, ukiigeuza simu juani: mikwaruzo myembamba imetapakaa, na kioo kimepoteza ule utelezi wake.

Utelezi wenyewe una kazi. Kiwandani kioo hupakwa utando mwembamba mno unaozuia mafuta ya vidole yasigande. Utando huo haurudi ukishaondoka, na huondoka haraka kwa kusuguliwa na vumbi, kwa sabuni ya unga na kwa kemikali kali. Simu ambayo alama za vidole hazitoki hata ukipangusa namna gani, mara nyingi imeshavuliwa utando.

Utaratibu ninaowafundisha wateja ni huu. Zima simu, chomoa chaja, vua kava. Igeuze kioo kitazame chini, kisha ifagie taratibu kwa brashi laini na kavu. Brashi ndogo ya rangi iliyo mpya inafaa, na mswaki wa mtoto ambao haujatumika unafaa pia. Pitisha kwenye kingo, kwenye spika, kuzunguka kamera, na pale protekta inapokutana na fremu, maana vumbi hujificha hapo. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu unapuliza na mate. Na tafadhali usiipeleke gereji ikapulizwe kwa kompresa ya matairi. Upepo ule unalisukuma vumbi ndani, kwenye maiki na chini ya kioo cha kamera, na kulitoa huko ni mpaka simu ifunguliwe.

Tundu la chaji linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza fedha bila sababu. Mteja anaingia: "Fundi, shikamoo. Simu haishiki chaji, sistimu chaji imekufa." Mara nyingi haijafa. Vumbi limeingia tunduni likachanganyika na nyuzi za mfukoni, na kila unapochomeka chaja unalishindilia zaidi, mpaka ncha ya waya haifiki mwisho. Dalili zake zinajulikana: waya unacheza, simu inachaji ukiushikilia kwa pembe fulani tu, au ukitazama kwa pembeni unaona ncha ya chaja imebaki nje kidogo kuliko zamani. Chukua kijiti cha meno cha mbao au cha plastiki, kichonge kiwe bapa, elekeza tundu chini, kisha kwangua polepole kando ya kuta. Kama simu yako ni ya taipu C, katikati ya tundu kuna ulimi mwembamba wenye miguu ya umeme juu na chini. Huo usiuguse, ukikatika ndipo unapokufa mfumo kweli. Utashangaa donge litakalotoka.

Sindano hapana, pini ya nywele hapana. Chuma kinachubua ule mpako mwembamba wa dhahabu uliowekwa kwenye miguu ili isishike kutu, na kama simu imewashwa kinaweza kupiga shoti. Kile kitundu kidogo cha chini, pembeni mwa tundu la chaji, mara nyingi ni cha maiki. Nimepokea simu nyingi ambazo mwenyewe alikichomeka pini ya laini, ama akidhani ndicho kitundu cha laini, ama akidhani anatoa uchafu. Utando wa maiki ukitobolewa, wenzako hawakusikii tena.

Vumbi likishatoka, sasa vijidudu. Mwaka 2011 watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine na Queen Mary, University of London, walipima simu na mikono ya watu katika miji 12 ya Uingereza. Takriban simu moja kati ya sita ilikuwa na E. koli, bakteria anayeonyesha kwamba kinyesi kimefika pale. Hao ni watu wenye bomba la maji ndani ya nyumba. Hapa kwetu simu inapita kwa mama lishe anayepokea oda huku anakata kachumbari, kwa wakala anayehesabu noti na kubonyeza miamala kutwa nzima, kwa muuza nyama, kwa nesi aliye zamu ya usiku, kisha jioni anapewa mtoto atazame katuni. Trakoma, ugonjwa wa macho uliowatesa watu wa Kongwa kwa miaka mingi, husambaa kwa mikono, vitambaa na nzi. Sisemi simu ndiyo iliyouleta. Nasema mkono unaofika machoni ndio huohuo unaoshika simu, na ukinawa vizuri kisha ukashika simu chafu, kunawa kwako kumeishia hapo.

Dawa inayofaa ni alkoholi ya asilimia 70. Duka la dawa ulizia spiriti, kisha soma lebo mwenyewe uone namba hiyo. Watu hudhani kadiri alkoholi inavyokuwa kali ndivyo inavyoua zaidi. Sivyo. Alkoholi huua kwa kuvuruga protini za kijidudu, na inahitaji maji kidogo ili ifanye kazi hiyo vizuri. Iliyo karibu na 100 hukauka haraka mno kabla haijamaliza kazi. Sisi mafundi tunatumia ya 99 kusafishia bodi, yaani sakiti ya ndani ya simu, kwa sababu pale tunataka ikauke haraka bila kuacha maji. Kwenye bodi hatuhangaiki na vijidudu. Ukiwa nayo hiyo, changanya vipimo saba vya alkoholi na vitatu vya maji.

Maji gani? Hapa tena Dodoma ina yake. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvichumvi. Yatazame tu yanavyoacha ukoko mweupe kwenye sufuria na kwenye birika. Ukoko huohuo utabaki kwenye kingo za simu na kwenye wavu wa spika. Kuyachemsha hakuiondoi hiyo chumvi. Tumia maji ya kunywa ya chupa au maji ya mvua yaliyokingwa safi na kuchujwa. Kiasi kinachohitajika ni kidogo sana.

Kitambaa kiwe laini kisichotoa nyuzi, kama kile kinachokuja na miwani. Nyunyizia kitambaa, usinyunyizie simu. Hii ndiyo kanuni ninayoirudia kuliko zote, na ndiyo inayovunjwa kuliko zote. Tone likigusa ukingo wa kioo au tundu la spika, linavutwa ndani lenyewe kupitia nafasi nyembamba, hata kama simu imelala sawa. Likikuta bodi ina umeme wa betri, kutu ya kijani inaanza. Kitambaa kiwe na unyevunyevu tu. Ukikikamua kisidondoshe kitu. Pangusa kioo, mgongo, vitufe vya pembeni, kisha uache unyevu ukauke wenyewe kwa nusu dakika hivi. Ukifuta papo hapo umeondoa dawa kabla haijafanya kazi. Mwisho malizia kwa upande mkavu wa kitambaa. Yote haya yafanyike mbali na jiko la mkaa au la gesi, maana alkoholi inashika moto upesi.

Vitu visivyofaa ni vingi, nitaje vile ninavyokutana navyo. Jiki inaua vijidudu kweli, lakini inakula mpako wa kioo na kuchosha rangi ya fremu. Iache ifanye kazi ya sakafu. Petroli, tina ya kuzimulia rangi na asetoni ya kutolea rangi ya kucha huyeyusha plastiki na gundi. Ndiyo, baadhi yetu mafundi tunatumia tina kwenye bodi, lakini bodi si kioo. Konyagi na pombe nyingine za kunywa hazifiki nguvu inayotakiwa, na zile zenye sukari zinaacha mnato. Waipsi za mtoto zinaondoa jasho na mafuta, ila nyingi hazina dawa ya kuua vijidudu, na zinaacha losheni ambayo vumbi letu linaipenda. Vivyo hivyo kitakasa mikono cha jeli. Mwaka 2020, korona ilipoingia nchini, watu wengi walipaka jeli hiyo kwenye simu wakiamini wanajikinga. Ndani yake kuna gliserini ya kulainisha ngozi. Kwenye simu gliserini inabaki, inanata, na wiki moja baadaye wavu wa spika ya sikioni umezibwa na tope. Ukiona sauti ya anayekupigia imefifia, angalia wavu huo kabla hujakubali kubadilishiwa spika.

Kava lioshwe peke yake. La silikoni au plastiki lioshe kwa sabuni ya maji, suuza, lianike mpaka likauke kabisa ndani na nje ndipo ulirudishe. La ngozi lipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu mdogo tu. Watu wanaosafisha simu kila wiki wanasahau kuwa kava ndilo linaloshikwa.

Kuna wenye simu zenye alama ya IP68, ile ya kustahimili vumbi na maji, wanaoziosha bombani. Alama hiyo inatokana na vipimo vya maabara, kwa maji safi yaliyotulia, simu ikiwa mpya. Haikupimwa kwa povu la sabuni wala kwa presha ya bomba. Gundi inayozuia maji huchoka kadiri miaka inavyopita, na kama simu imewahi kufunguliwa na fundi, hata fundi mzuri, usiihesabie tena kinga ile ya kiwandani. Kwa simu zinazokunjwa katikati nakuomba uangalifu zaidi: tabaka la juu la kioo chake ni laini kama plastiki, fuata maelekezo ya mtengenezaji neno kwa neno.

Jambo jingine ni kuanika simu juani ili vijidudu vife. Mionzi ya jua inayoua vijidudu kwa nguvu ni ile ya UV-C, na anga huizuia isifike chini. Kinachoifikia simu yako hasa ni joto, na watengenezaji wengi wanataka itumike pasipozidi nyuzi 35. Betri ya lithiamu iliyoachwa juani juu ya bati au dashibodi ya gari inachoka, na mwisho inavimba.

Kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, ni rahisi zaidi, na wazee wengi vijijini ndicho wanachotumia. Fungua mfuniko, toa betri, fagia kwa brashi, panua vitufe kwa kidole huku unafagia katikati yake, halafu pangusa kwa kitambaa chenye spiriti. Miguu ya betri ipanguse kwa spiriti pia. Simu inayojizima yenyewe ukiitikisa mara nyingine inahitaji hilo tu.

Mara ngapi? Nesi, mama lishe, wakala na dereva wa bodaboda, kila jioni ukimaliza kazi. Mtu wa ofisini Mtumba au mwanafunzi wa UDOM, mara moja au mbili kwa wiki, na kila unapotoka hospitalini au msibani ulikoshika mikono ya wengi. Kufagia vumbi kufanyike kila siku wakati wa upepo, kabla hujaitia chaji usiku.

Na ikitokea majimaji yameingia, izime wakati huohuo. Usiijaribu kama inawaka, usiitie chaji, usiitikise. Toa laini na kadi ya kumbukumbu, ifute nje, iweke ikiwa imesimama, tundu la chaji likitazama chini, mahali penye upepo na kivuli. Mchele uache jikoni. Hauvuti maji yaliyo kwenye bodi, na unga wake unaingia tunduni. Yakiwa ni maji ya chumvi, soda, chai au sabuni, usisubiri ikauke: ilete kwa fundi siku hiyohiyo, ikiwa imezimwa, umweleze ukweli ni kitu gani kilichoingia. Akijua ni soda, atafungua na kuosha bodi kwa alkoholi kabla sukari haijakauka chini ya aisii, vile vipande vidogo vya kielektroniki vilivyobandikwa kwenye bodi.