Mechi 2,131 za Cal Ripken: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila Septemba ikikaribia kuna kipande cha video lazima kizunguke kwenye simu. Jamaa mrefu, Cal Ripken wa timu ya besiboli ya Baltimore Orioles, anakimbia taratibu pembezoni mwa uwanja anagusana mikono na mashabiki, watu wazima wanalia, na kule nyuma kwenye ghala la matofali imening'inia namba 2131. Video haina shida. Shida ni maelezo yanayokuja nayo, maana hata sisi tuliojifunza besiboli ukubwani kwa kukesha na tivii tunamsikiliza mtu anasimulia mpaka unajiuliza huyu aliangalia mechi ipi. Basi ngoja niyatoe yote hapa, na kama wewe unajua mpira wa miguu tu usikimbie, utaelewa.

Eti Ripken ndo kacheza mechi nyingi kuliko wote

Hapana bana. Mechi nyingi kwa jumla ni za Pete Rose, 3,562, Ripken mwenyewe alistaafu na 3,001. Hiyo 2,131 ni mechi mfululizo, bila kukosa hata moja, kuanzia tarehe 30 Mei 1982 wakati kijana ndo kwanza anaanza. Na usifikirie mfululizo wa mpira wetu wa wikiendi kwa wikiendi, besiboli ya Marekani ni mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku, leo mnacheza hapa, usiku mnapanda ndege, kesho mnacheza mji mwingine. Brad Friedel, yule golikipa Mmarekani wa Blackburn na Aston Villa na Tottenham, alicheza mechi 310 mfululizo za Premier League na hadi leo hakuna aliyemfikia, ilimchukua misimu 8 na kidogo. Kwenye besiboli 310 haifiki hata misimu miwili. Piga hesabu mwenyewe sasa, Ripken alienda mpaka 2,632.

Eti usiku wa mechi ya 2,131 alivunja rekodi ya dunia

Alivunja ya Marekani. Ilikuwa ya Lou Gehrig wa New York Yankees, mechi 2,130, ilikaa miaka 56 na watu walishaizika kwamba haiguswi. Ila huko Japani kuna bwana anaitwa Sachio Kinugasa wa Hiroshima Carp, huyo alishamaliza kazi yake mwaka 1987 akiwa na mechi 2,215 mfululizo na Wamarekani wengi wala hawakuwa na habari naye. Ripken alimpita tarehe 14 Juni 1996 kule Kansas City, mechi ya 2,216, na Kinugasa alisafiri kabisa akawepo uwanjani. Mimi hiyo naiona ni uungwana wa hali ya juu, mtu anapanda ndege kutoka Japani kwenda kushuhudia rekodi yake inavyochukuliwa, ila hiyo video haizunguki popote.

Eti sherehe ilianza mechi ilipoisha

Hii ndo napenda kuieleza. Mechi ya besiboli ina iningi 9, na kila iningi timu zinapokezana, huyu anapiga yule anazuia, halafu wanageuka. Sasa sheria inasema mvua ikikatisha mechi njiani, itahesabika kama imechezwa ikiwa iningi 5 zimekamilika, na kama mwenyeji anaongoza basi hata nne na nusu zinatosha, kwa sababu mwenyeji hana haja ya kupiga tena ili ashinde. Kwa hiyo rekodi haikusubiri kipyenga cha mwisho (besiboli yenyewe haina kipyenga). Usiku wa 6 Septemba 1995 Orioles walikuwa mbele dhidi ya California Angels, Angels wakamaliza kupiga kwenye iningi ya 5, mtu wao wa mwisho akatolewa, na hapohapo, saa 3 na dakika 20 usiku, mechi ikawa rasmi. Watu wote shingo zikageukia ghala.

Lile ghala ni jengo la zamani la reli ya B&O, lina urefu wa zaidi ya mita 300, limesimama nyuma ya upande wa kulia wa uwanja wa Camden Yards. Orioles walitundika namba pale kwa vitambaa vikubwa, kila tarakimu na kitambaa chake, na kwenye mechi za nyumbani ikishafika katikati ya iningi ya 5 muziki unapigwa na namba inabadilika. Mashabiki wakawa wanaihesabu vile watu wanavyohesabu siku za Ramadhani zikielekea Idi, leo imefika ngapi, bado ngapi. Sasa usiku ule kilichobadilika ni tarakimu ya mwisho tu, sifuri ikaondoka ikaja moja. Kitambaa kimoja! Na mechi ikasimama dakika 22.

Dakika 22, watu 46,272 wamesimama wanapiga makofi, na wachezaji wa Angels nao wanapiga makofi upande wao, yaani wapinzani ambao wako nyuma kwenye mechi. Rais Bill Clinton alikuwepo na makamu wake Al Gore alikuwepo. Joe DiMaggio alikuwepo pia, na huyu ndo mwenye uzito wake kwangu, maana alicheza timu moja na Gehrig mwenyewe.

Na kuna wanaosema ile raundi ya uwanja ilipangwa kwa ajili ya tivii. Wee, Ripken alitoka benchini akapunga mkono akarudi kukaa. Kelele hazikatiki, akatoka tena, akarudi tena. Akaenda kwa familia yake mstari wa mbele, akavua jezi akawapa wanae wawili, ndani kavaa fulana yenye maneno ya kitoto kwamba baba anapewa kumbatio na mabusu zaidi ya 2,130. Akaangalia juu kwa baba yake mzee Cal, aliyewahi kuwa kocha wake pale pale Orioles na baadaye timu ikamwondoa. Akarudi tena benchini. Ndo wenzake wa timu, Rafael Palmeiro na Bobby Bonilla, wakamshika wakamsukuma kwa nguvu kwamba toka nje ukazunguke, la sivyo mechi hii haiendelei leo. Ukitazama video vizuri unaona kabisa anasukumwa, mwanzoni anatembea hajui aanzie wapi, afu anampa mkono shabiki wa kwanza, wa pili, polisi aliyesimama pale, wahudumu wa uwanja, mpaka anafika kwenye benchi la Angels anakumbatiana nao mmoja mmoja. Hakuna mtu wa kupanga vitu anayeweza kupanga kitu cha dakika 22 katikati ya mechi inayorushwa laivu.

Lingine la usiku huohuo, watu wamesahau kwamba alikuwa anacheza na kucheza kweli. Iningi ya 4 alipiga homurani, mpira umetoka nje ya uwanja, na ilikuwa siku yake ya tatu mfululizo kufanya hivyo. Orioles wakashinda 4-2.

Eti Gehrig alipata namba kwa sababu mwenzake aliumwa kichwa

Hii stori tamu sana na ndo maana haifi. Wanasema Wally Pipp, aliyekuwa akicheza nafasi ya Gehrig, siku moja mwaka 1925 aliomba apumzike kwa sababu ya kichwa, Gehrig akaingia na hakutoka tena kwa miaka 14, kwa hiyo usiombe ruhusa kazini ndugu yangu. Mabosi wanaipenda mno hii.

Ukweli ni kwamba Yankees msimu ule walikuwa hoi, Pipp naye alikuwa hapigi chochote, na kocha Miller Huggins akabadilisha kikosi, Pipp hakuwa peke yake aliyekalishwa siku ile. Kichwa kimetokea wapi? Mwezi uliofuata Pipp alipigwa na mpira kichwani mazoezini akalazwa, watu wakayachanganya mambo mawili. Na mfululizo wa Gehrig hata haukuanzia kwa Pipp, ulianza siku moja kabla, tarehe 1 Juni 1925, alipoingia kupiga badala ya mtu anaitwa Pee-Wee Wanninger. Sasa sikia hii. Wanninger ndo aliyechukua nafasi ya Everett Scott mwezi Mei mwaka huohuo, na Scott ndo alikuwa mwenye rekodi ya mechi mfululizo wakati ule, 1,307. Yaani rekodi ya zamani inakatwa na mtu ambaye wiki chache baadaye anakalishwa benchi ili rekodi mpya ianze, timu hiyohiyo moja. Kichwa cha Pipp kinaingia wapi hapo.

Eti anachungulia uwanjani dakika moja afu anatoka, wanamhesabia

Hapa kuna nusu ya ukweli. Sheria inataka mchezaji azuie angalau nusu ya iningi au amalize zamu moja ya kupiga, ama afike salama kwenye besi (vile vituo ambavyo mpigaji anavikimbilia) ama atolewe. Kuingia kukimbia tu badala ya mtu hakuhesabiki. Na refa akikufukuza uwanjani hilo halivunji mfululizo wako. Gehrig aliwahi kuitumia hiyo sheria mpaka mwisho wake, tarehe 14 Julai 1934 kule Detroit mgongo unamuuma vibaya, wakamwandika kama mpigaji wa kwanza, tena kwenye nafasi ya shotistopu (anayezuia kati ya besi ya pili na ya tatu) ambayo wala si yake, akapiga mpira mmoja akafika besi ya kwanza, akabadilishwa akaenda kulala. Imehesabika.

Ripken sasa, kumsema kwa hilo ni kumwonea. Kuanzia tarehe 5 Juni 1982 hadi 14 Septemba 1987 hakukosa hata iningi moja, achana na mechi, iningi! Ni iningi 8,243. Aliyeukata mfululizo huo ni baba yake mwenyewe akiwa kocha, siku wanachapwa 18-3 na Toronto, mzee akaona inatosha, kaa chini mwanangu.

Eti hakuwahi kuumia, mwili wa chuma

Aliumia sana tu. Aprili 1985 aliteguka kifundo cha mguu, bahati siku iliyofuata ilikuwa mechi ya kirafiki isiyohesabika, akapumzika, kesho yake akarudi. Juni 1993 ulitokea ugomvi mkubwa na Seattle Mariners wachezaji wote wakaingia uwanjani wakatwangana, goti lake likajipinda na asubuhi hakuwa na uhakika kama atacheza. Mwaka 1996 ndo kichekesho, kavunjika pua wakati wa kupiga picha ya pamoja ya mechi ya nyota kule Philadelphia, mwenzake kateleza mkono ukampata puani, na jioni ileile akacheza. Kwa hiyo hakuwa wa chuma, bahati nayo ilimsaidia, halafu alikuwa mbishi.

Wanaosema pia kucheza bila kupumzika kulimharibia kiwango, sijui wanaongelea mwaka gani, mwaka 1991 akiwa katikati ya mfululizo alipiga homurani 34 akawa mchezaji bora wa ligi yake kwa mara ya pili.

Eti walizima taa za uwanja ili kumlinda

Tarehe 14 Agosti 1997 sehemu ya taa za Camden Yards zilikataa kuwaka na mechi na Mariners ikaahirishwa, hiyo ni kweli. Halafu ukatungwa uvumi kwamba Ripken alikuwa na mambo ya nyumbani hawezi kuja, kwa hiyo timu ikaharibu taa makusudi. Ripken amekanusha, na hakuna aliyewahi kuleta ushahidi zaidi ya "nilisikia". Mimi nimekulia sehemu umeme unakatika katikati ya fainali, kwangu taa kugoma haihitaji njama.

Eti Ripken aliiokoa besiboli

Hii nakubali kidogo. Wachezaji waligoma tarehe 12 Agosti 1994, fainali za mwaka ule zikafutwa, na 1995 msimu ukaanza kwa kuchelewa na mechi 144 tu, mashabiki wamenuna viti vitupu. Kuna kitu watu hawakijui hapo, wenye timu walipanga kuanza msimu na wachezaji wa kuokoteza, na kama zile mechi zingechezwa Ripken akiwa kwenye mgomo, mfululizo wake ungekufa kifo cha kijinga. Mmiliki wa Orioles, Peter Angelos, aligoma kuleta timu ya kuokoteza, na mgomo ukaisha kabla hatujaona ingekuwaje. Sasa usiku ule wa Septemba uliwapoza watu hasira, sawa, ila mahudhurio ya mwaka ule kwa ligi nzima yalishuka karibu asilimia 20, na hayarudi kwa usiku mmoja.

Eti ilibidi aache kwa ugonjwa kama Gehrig

Gehrig ndo aliugua, alijitoa mwenyewe tarehe 2 Mei 1939, akafariki Juni 1941 kwa ugonjwa ambao leo Wamarekani wanauita kwa jina lake. Ripken aliacha mzima. Jumapili tarehe 20 Septemba 1998, mechi ya mwisho ya msimu nyumbani, wapinzani Yankees, akaingia ofisini kwa kocha Ray Miller kama nusu saa kabla ya mechi akamwambia leo sichezi. Hakutangaza, hakuna bango. Wakamwita kijana mgeni Ryan Minor kwamba besi ya tatu ni yako leo, na Minor akadhani wanamtania kama wanavyotaniwa wageni, akauliza, yeye mwenyewe anajua?

Mtu wa kwanza wa Yankees alipotolewa, Yankees wote wakasogea mbele ya benchi lao wakasimama wanapiga makofi wakimwangalia Ripken, na mashabiki ndo wakashtuka kwamba aliyesimama besi ya tatu siye.