Mtutu mrefu haupeleki marisau mbali zaidi

Ujumbe huu huzunguka kila mara kwenye makundi ya wapiga visahani (shabaha ndogo zinazorushwa hewani): ukinunua bunduki ya mitutu miwili iliyopandana, chukua yenye mtutu wa inchi 32, eti ya inchi 28 "haina nguvu". Si kweli.

Baruti ya kisasa huungua karibu yote mapema, marisau (vipande vidogo vya risasi) yakiwa bado hayajafika mdomoni mwa mtutu. Inchi 4 za ziada huongeza mwendo kidogo sana, na kisahani hakitambui tofauti hiyo. Imani hii ina asili yake: baruti nyeusi ya zamani iliungua polepole, hivyo urefu ulisaidia kweli. Tena wapigaji wengi hodari hutumia mitutu mirefu, lakini wanachotafuta ni mzunguko tulivu wa bunduki inapofuata kisahani.

Unataka kuona kama urefu hubadilisha mtawanyiko wa marisau? Kiwanjani, chini ya msimamizi, piga karatasi kubwa umbali wa meta 35 kwa kila bunduki, risasi aina moja, mbano wa mdomo (kiasi mtutu unavyobanwa mwishoni) uleule, mara kadhaa. Hesabu matundu ndani ya duara la inchi 30.

Kabla ya urefu, angalia kitako kinavyokaa begani na shavuni. Hapo ndipo wengi hukosea. Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze.