Maana ya Kutathmini Tovuti kwa Matumizi ya Darasani

Kutathmini tovuti kwa matumizi ya darasani ni kuichunguza kabla haijawafikia wanafunzi, ili mwalimu ajue aliyeiandika ni nani, kama yaliyomo ni ya kweli na hayajapitwa na wakati, na kama yanawafaa wanafunzi wa gredi anayoifundisha. Mafunzo ya walimu kuhusu jambo hili mara nyingi huanzia kwenye orodha ya maswali, na mojawapo ya orodha zilizoenea sana ilitungwa mwaka 2004 na Sarah Blakeslee, mkutubi wa chuo kikuu huko Chico, California. Maswali hayo yanafaa, lakini humfanya mwalimu aendelee kuikodolea macho tovuti ileile, ilhali mlaghai hodari hujua kuipamba yake.

Watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walipowalinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo na wahakiki wa habari, waligundua kwamba wahakiki ndio waliotambua ukweli upesi, kwa kuwa waliiacha tovuti mapema na kwenda kutafuta wengine wanasema nini kuihusu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mafunzo yangepaswa kuanzia.

Chukua mwalimu wa Nakuru anayetayarisha somo kuhusu majiji ya Kenya. Anapata ukurasa wenye picha safi na mwaka huu umeandikwa chini kabisa, lakini maelezo yanasema kwamba nchi ina majiji matatu. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021 na Eldoret ikafuata Agosti 2024, kwa hivyo maelezo hayo yamepitwa na wakati, hata mwaka ule wa chini useme nini. Mara nyingi hubadilishwa na programu yenyewe kila Januari, bila mtu kugusa neno lolote. Anwani nayo isomwe kwa makini: .go.ke hutengewa serikali na .sc.ke shule, ilhali .org yeyote anaweza kuisajili.

Ukweli pekee hautoshi. Makala sahihi kuhusu gugu maji la Ziwa Victoria yanaweza kuwa mazito mno kwa Gredi ya 4 ya Kisumu, au yakajaa matangazo ya kamari. Upande wa mtaala kazi ni nyepesi zaidi, kwani Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya huidhinisha nyenzo, zikiwemo za kidijitali.

Jambo linalosahaulika ni usajili. Tovuti nyingi za mazoezi hudai jina, umri na namba ya simu kabla ya kufunguka, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka data ya mtoto ishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi. Mwalimu anayewasajili wanafunzi wake wote kwa mkupuo, ili wafanye jaribio moja la hesabu, huwa ametoa idhini isiyo yake.