Kukoga mwaka: kwa nini migomba hutangulia moto

Kila ninapochunguza mila ya kukinga mji, huanza na swali moja: wenyeji wanaamini shari inaingilia wapi? Wanaoamini inatoka nje hulinda mipaka. Ndiyo maana katika miji ya Waswahili dume la ng'ombe lilizungushwa mji mzima huku Kurani ikisomwa, kisha likachinjwa. Ndiyo maana pia Wamijikenda walizika fingo, yaani hirizi za kinga, katika kaya zao, vijiji vyao vya msituni, ili adui na maradhi visipenye.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, wana jibu jingine, na kwangu ndilo zito zaidi. Katika Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya, wanaume wa upande mmoja wa mji huwakabili wa upande wa pili, wakipigana kwa mashina ya migomba. Aliyedhulumiwa, aliyetukanwa, aliyenyimwa haki yake, wote humaliza kinyongo pale pale, hadharani. Wanawake nao huimba, na nyimbo zao hazimwonei mtu haya. Baada ya hapo ndipo banda la makuti hutiwa moto. Mtu aliyekuwa ndani hutoka mbio, na moshi hutazamwa unaelekea wapi.

Wageni wengi huja na kamera wakidhani vita vile ni mchezo wa kuchangamsha watu kabla ya moto. Inaniuma, kwa sababu mpangilio ule ndio elimu yenyewe. Moto wa banda ni kinga: nyumba ikishika moto mwaka unaokuja, asife mtu. Lakini kinga haiwekwi juu ya chuki. Anayekuwekea kinyongo hatakimbia na ndoo kukuzimia nyumba. Basi uovu wa ndani hutolewa kwanza, wa nje ukafuata. Hata jina linasema hivyo: kukoga ni kuoga, na uchafu unaoogwa ni wa mwilini mwako mwenyewe.

Sherehe hii hufuata mwaka wa Nairuzi, yaani mwaka wa jua, wenye miongo 36 ya siku kumi kumi na siku 5 za nyongeza. Kwa kuwa hauna siku ya mwaka mrefu, hurudi nyuma siku moja katika kalenda ya kawaida kila baada ya miaka minne. Siku hizi huangukia Julai.

Moto ukizimika, watu huketi kula pamoja, na kila nyumba hutamani kupata mgeni. Waliopigana asubuhi hupakuliana.