Barua ya mwaliko haimpi nyanya visa, tafadhalini

Nshachoka na hii "barua ishafika." Mtoto kazaliwa Birmingham, ama yuko njiani kuzaliwa Minneapolis, babake anaandika barua ya mwaliko, anaipeleka kwa wakili wa huko igongwe muhuri, anamtumia mamake kwa WhatsApp, na kutoka saa hio ukoo mzima, Kisauni hadi Likoni, unajua nyanya anasafiri. Madera yashashonwa, shangazi washatoa oda ya vitu. Mimi kazi yangu ni kujaza fomu na kupanga faili za visa hapa mjini Mombasa, kwa hivyo wa kumwambia huyo mama kwamba hio karatasi peke yake haimfikishi popote ni mimi, halafu mimi ndo naonekana nina roho mbaya.

Hebu tusikizane. Anaeomba visa ni nyanya. Anaechunguzwa ni nyanya. Marekani wenyewe wamesema wazi, kwa visa ya kutembea hawahitaji barua ya mwaliko wala ile afidaviti ya "mimi ndo nitamgharamia", wanamuangalia muombaji na maisha yake ya huku kwao. Kile kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji, ambacho kila alionyimwa pale Gigiri, ubalozini kwao Nairobi, anakijua kwa moyo, kinaanza kwa kukuchukulia kwamba unataka kuhamia kwao, na ni juu yako kuwaonyesha sivyo. Sasa mwanao kuwa daktari huko, kuwa na nyumba ya vyumba vitano, kuwa na pasi yao, yote hayo yanajibu swali la nani atalipa. Swali lenyewe hasa ni: je, huyu mama atarudi? Na samahani nikisema, ukikaa kwa kiti cha ofisa, mwana mwenye nyumba kubwa na mjukuu mchanga ni sababu nzuri sana ya mtu kutorudi.

Uingereza barua iweke, inasaidia kuonyesha utalala wapi na nani anakulisha, ila haibebi faili. Kanada ndo kwengine kabisa. Wao wana super visa ya wazazi na nyanya na babu, na hapo barua ya mtoto ni lazima, mapato yake yanapimwa, kuna vipimo vya daktari na bima ya afya isiopungua dola 100,000 za Kanada, lakini ukiipata unaweza kukaa mpaka miaka 5 kwa safari moja. Mimi nashuku uvumi wote umeanzia huko, mtu wa Toronto kamwambia shogake wa Old Town, na shoga akaufanya ndo sheria ya dunia nzima.

Haya, tuje kwa kinachomrudisha nyanya nyumbani, manake hapa ndo faili za Mombasa zinafia. Orodha za mitandaoni zinakwambia lete pesilipu, barua ya mwajiri, taitodidi. Nyanya wa Majengo hana hata kimoja. Nyumba anayo, ile ya Kiswahili, korido katikati na vyumba huku na huku, wapangaji wamejaa, ila nyumba ni yake na ardhi si yake. Mwenye ardhi ni mwengine, na nyanya humlipa kodi ya ardhi kama mamake alivyomlipa babake huyo mtu. Sisi hapa twaona ni kawaida, nusu ya mtaa wanaishi hivyo. Mtu wa nje haelewi kabisa. Ukijaza kwa fomu kwamba una nyumba na hakuna hati miliki nyuma yake, anachokiona yeye ni mama aliyetia chumvi.

Kwa hivyo mimi nataka risiti za kodi ya ardhi, zile kuukuu zilizokunjwa ndani ya Msahafu ama chini ya godoro, zote. Nataka karatasi ya mauziano ama ya mirathi, bili ya stima yenye jina lake, na stetimenti ya M-Pesa inayoonyesha wapangaji wakilipa kila mwezi, kisha naandika ukurasa mmoja kueleza huu mpangilio wa nyumba bila ardhi kwa lugha ya mtu ambaye hajawahi kuona Majengo. Kitabu cha chama, kile cha kuchangishana pesa, pia nataka. Mjukuu yatima anayemlipia shule, nataka risiti ya shule. Kama anasomesha madrasa, barua ya madrasa. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi sina mali, wataangalia nini?" na huku kumbe nyumba nzima ya watu saba yala kwa mkono wake. Sasa hio si kamba ya kumvuta arudi nyumbani?

Je, inasaidia? Naamini inasaidia. Lakini sitawadanganya, nimeona faili mbili zinazofanana kama pacha, moja ikapita na nyengine ikarudi na zile sentensi zao za kunakili, na sikuweza kumueleza yule mama tofauti ilikuwa nini. Pale Gigiri mahojiano huwa dakika chache, na mara nyingi ofisa hata hafungui hio faili tuliyoipanga wiki mbili. Anaekwambia "mimi visa ni guaranteed" mkimbie, na ushike mkoba wako vizuri, manake ile ada ya dola 185 hairudi ukinyimwa na yake yeye pia hairudi.

Pesa, kwa ufupi tu. Msimrushie mama laki nne kwa akaunti siku tatu kabla ya kuprinti stetimenti. Akaunti iliyokuwa na elfu mbili mwaka mzima halafu ghafla imevimba, mtoto wa shule ataona. Kama mwana ndo anagharamia semeni hivyo, mwekeni stetimenti yake yeye na ushahidi kwamba ni mtoto wa huyu mama, kisha mama aonyeshe chake kidogo kilivyo. Kidogo cha kweli si aibu.

Sasa lile linalonichemsha damu. Kuna ushauri unazunguka kwa magrupu: "Mama, usiseme unaenda kusaidia na mtoto, watasema unaenda kufanya kazi, we sema unaenda kutembea." Kwa hivyo naletewa mama mtu mzima, magoti yamsumbua, anataka niandike anaenda London kuona Big Ben. Mwezi wa Januari! Mama ambaye Fort Jesus yenyewe hajaingia tangu apelekwe na shule. Na anuani ya kulala ni ya binti yake, na binti ana mimba ya miezi minane. Nani ataamini?

Kweli mgeni haruhusiwi kufanya kazi, hilo halina ubishi. Lakini mwongozo ambao maofisa wa Uingereza wenyewe wanautumia unasema jamaa kuja kumuangalia mtoto wa familia inaruhusiwa, bora iwe ni ziara fupi ya kweli na isiwe ndo kaajiriwa yaya. Kumkanda mzazi, kumpikia uji wa pilipili manga, kumuogesha mtoto, kumbeba usiku mamake apate usingizi, yote hayo ni unyanya tu, yaandikeni bila woga. Mnaponiharibia ni pale mwana anapoandika kwa mapenzi yake yote, "mamangu anakuja kukaa na mtoto ili mke wangu arudi kazini kwa sababu nasari huku ni ghali sana." Eh! Ushasema mwenyewe kwamba mama anachukua nafasi ya mtu wa kulipwa, na hujasema mpaka lini. Hio barua mimi nikiiona naificha.

Na uongo wa Big Ben ukigundulika hauishi kwa kunyimwa siku hio tu. Uingereza wakikushika na udanganyifu ndani ya ombi wanaweza kukufungia miaka 10. Marekani, kusema uongo wa makusudi ili upate visa kwaweza kukufungia maisha. Yaani mtu alikuwa na sababu halali mkononi, akaitupa akaokota uongo.

Tena sababu yetu ni nzuri, ina mwanzo na mwisho wake: arobaini. Naandika hivi, kwa desturi yetu mzazi na mtoto huangaliwa na mama mzazi siku 40, binti anatarajiwa kujifungua tarehe fulani na barua ya hospitali hii hapa, mimi nafika wiki moja kabla, na narudi tarehe fulani kwa sababu Ramadhani inaingia na nina watu wangu wa kufuturisha ama shule zinafunguliwa na yule yatima yuanisubiri. Wiki nane zenye sababu zinaeleweka kuliko miezi sita mizima ya "nitaona tu nikifika." Na ombeni mapema, msingoje uchungu uanze. Uingereza waruhusu kuomba miezi 3 kabla ya safari, zile nchi za Ulaya za visa moja ya Schengen miezi 6.

Muda nao, jamani. Ukiitoa hio super visa ya Kanada, visa ya miaka 5 si kukaa miaka 5. Uingereza hata ukipewa ya miaka 10, kila ukiingia ni miezi 6 mwisho. Schengen ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Marekani tarehe ya kutoka unapewa na ofisa wa airport na ndio hio, stika ya kwenye pasi isikuzuzue. Halafu mwana anasema "mama kaa mwezi mmoja tu zaidi, mtoto kashakuzoea." Ukipitisha siku 180 Marekani bila ruhusa, yaani baada ya hio tarehe yako, kisha ukatoka, marufuku ni miaka 3, ukifika mwaka ni 10. Mjukuu atakuja kukuona yeye akiwa darasa la nne.

Mengine ya harakaharaka. Majina: pasi yasema Fatuma, cheti cha kuzaliwa cha mwana chasema Fatma Ali, kitambulisho kina jina la tatu, nendeni kwa wakili mkaape mapema. Hina na piko kwenye ncha za vidole iacheni mpaka alama za vidole zishachukuliwa, najua kuna harusi, pakeni miguu. Dawa za presha na sukari ziwe mkoba wa mkononi na karatasi ya daktari. Bima ya safari chukueni hata mahali hawailazimishi, manake Uingereza mgeni akilazwa hospitali ya serikali hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Samli na nyama kavu haziingii Uingereza, na hapana, kuifunga ndani ya dera haisaidii. Asali msimlambishe mtoto kabla hajatimiza mwaka, manesi wa huko watawagombeza na wana haki.

Na mnapokata tiketi ombeni wheelchair. Haina malipo. Kila nyanya hukataa, "mimi si kiwete," halafu anashushwa Doha ama Addis, geti liko mwisho wa dunia, mabango hayasomeki, na saa moja tu kabla ya ndege nyengine. Yule kijana anaesukuma kiti ndo anajua njia, anampitisha foleni na kumfikisha mpaka mlangoni. Mwambieni akae, ashike mkoba wa dawa mapajani, na simu iwe na chaji.