Kwa nini Chile walijenga nusu ya nyumba, nusu nyingine wakaiacha wazi?

Ardhi ya katikati ya mji ikipanda bei, wa kwanza kuondoka ni maskini. Huhamishiwa pembezoni, pengine kwenye nyumba nzuri tu, lakini mbali na kibarua chake, shule na wateja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hatima hiyo ilizinyemelea karibu familia 100 za Quinta Monroy, eneo la nusu hekta katikati ya Iquique, kaskazini mwa Chile, walilolikalia bila hati kwa miaka 30.

Ruzuku ya serikali ilikuwa takriban dola 7,500 kwa familia: humo utoe ardhi, maji, umeme na ujenzi. Ardhi yenyewe iliuzwa mara tatu ya bei ambayo miradi kama hiyo huimudu. Msanifu majengo Alejandro Aravena na wenzake wa Elemental, ofisi yao ya usanifu, walipiga hesabu. Nyumba za kujitegemea zingetosha familia 30 tu. Maghorofa yangewatosha wote, ila wakazi waliyakataa katakata, maana flati huwezi kuiongeza chumba.

Ndipo likaja wazo la nusu nyumba. Fedha zilielekezwa kwenye kazi ambayo familia peke yake isingeiweza: msingi, kuta kuu, ngazi, jiko, bafu. Kila nyumba ilianza na mita za mraba 36 hivi, na pembeni yake pakaachwa uwazi wa kujazwa na mwenyewe kadiri mfuko unavyoruhusu, hadi ikaribie 70. Nyumba zilizunguka nyua nne, ili majirani wa siku zote wasitawanyike. Mradi ulikamilika 2004. Kwetu hilo si geni sana. Nyumba zenye nondo zinazochungulia juu ya paa, zikingoja ghorofa la mwakani, tunazo tele. Ila kule Chile upanuzi ulipimwa na wataalamu kabla ya tofali la kwanza.

Aravena alipata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, 2016. Hata hivyo, ramani nzuri haimzuii mwenye nyumba kuuza bei ikipanda, na tajiri akainunua. Kwa maoni yangu, hapo dawa iko kwenye hati kuliko kwenye mchoro. Kenya walijaribu miaka ya 1990 mjini Voi, mtaa wa Tanzania-Bondeni: ardhi ikawa ya jumuiya kwa pamoja, kila mtu akamiliki jengo lake. Anayehama anaweza kuuza jengo, lakini ardhi iliyo chini yake hawezi.