Makadirio ya mahitaji ya maji ni nini?

Ni jibu la swali hili: baada ya miaka kumi au ishirini, watu wa eneo fulani watahitaji maji kiasi gani kwa siku, na yatatoka wapi? Nusu ya pili ndiyo hupigiwa kelele, maana bwawa linaonekana na wakubwa huenda kulizindua. Mipango mingi, kwa maoni yangu, huharibikia kwenye nusu ya kwanza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Unachukua idadi ya watu, unazidisha kwa lita za kila mmoja, unaongeza shule, hospitali, hoteli na viwanda, kisha unaongeza maji yatakayopotea kabla ya kumfikia mteja. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 3,138,369 Nairobi; ya 2019 ikapata 4,397,073. Ila jumla ya jiji haisemi hao wapya wamehamia wapi. Tuseme Kilimani nyumba moja yenye bustani imebomolewa, ikajengwa fleti 60, kila moja ina watu wanne. Kwa lita 100 kwa mtu, ploti hiyo sasa inahitaji lita 24,000 kwa siku. Bomba lililo chini ya barabara ni lile lile lililowekwa kwa ajili ya familia moja na majirani wake.

Sasa weka upotevu. Nairobi, kama asilimia 40 ya maji yanayosafishwa, na miaka mingine zaidi, hayaingii kwenye bili: mabomba yanavuja, mita zimekufa, wengine wamejiunganishia usiku. Kwa kiwango hicho, ili lita 24,000 zilipiwe, lazima mtambo utoe 40,000. Ndiyo maana mpangaji makini huandika ukarabati wa mabomba kwenye orodha ya vyanzo vya maji, sambamba na mabwawa. Hauna utepe wa kukata, basi wanasiasa huupita kimya kimya.

Kuna mtego mwingine, nao ndio mkubwa zaidi. Ukisoma mita za mtaa ulio kwenye mgao, utaona watu wanatumia maji kidogo. Kumbe wanatumia kinachopatikana tu. Mama wa Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi, anayenunua mitungi mitatu ya lita 20 kwa ajili ya watu watano anawapa lita 12 kila mmoja: ya kupikia, kunywa, kuosha vyombo na kuoga kwa kujibana. Maji ya kufulia huyatafuta nguo zikishajaa beseni. Ukimpangia kwa lita hizo 12, umeigeuza shida yake kuwa kiwango cha kudumu. Makadirio ya haki huuliza angetumia kiasi gani kama mfereji ungetoa maji kila siku kwa bei anayoimudu.

Upande wa vyanzo, kinachohesabiwa ni maji ya mwaka wa ukame, si wastani. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika 1994, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70. Hiyo ni nafasi tu. Mvua ya masika ikikosa, halijai, na mgao unabana. Visima vya mashine vinasaidia, lakini kiwango cha maji ya ardhini kinashuka, na visima vingi vina floridi nyingi, ile inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia.

Halafu kuna muda. Fleti hupanda kwa mwaka mmoja au miwili. Bwawa, kuanzia upimaji, fidia ya mashamba, kesi mahakamani hadi maji kutoka, laweza kula muongo mzima. Kwa hiyo uamuzi wa maji ya 2040 ni wa sasa hivi. Tena si wa Nairobi peke yake: handaki la kilomita 11.8 linalopeleka maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati hadi Ndakaini lilizua mvutano mrefu, kwa kuwa wakulima wa Murang'a nao wana mahitaji ya miaka ishirini ijayo. Lilisanifiwa kuchota maji ya ziada wakati mito imefurika na kuacha mengine yateremke, na wao wana kila sababu ya kutaka vipimo vya mito hiyo viwekwe wazi, mwezi kwa mwezi.